Ramani ya Utumbo Ishachorwa. Sisi wa Tena Tuko Wapi?

Sikia, kuna wakati nilijua vyoo vyote kati ya Tena na tao. Sikutanii. Nilijua kituo gani cha petroli pale Outering wanakuacha uingie bila kununua kitu. Nilijua supamaketi gani unapita hadi nyuma ukitembea kama mtu anayejua anakoenda. Nikifika tao nilijua vile vya kulipia, kipi kina foleni saa mbili asubuhi na kipi hakina. Wasee wengine huchagua matatu kwa sababu ya ngoma na michoro. Mimi nilichagua kwa swali moja tu: hii ikikwama kwa jam pale Jogoo Road, konda ataniachilia nishuke?

Niliishi hivyo miaka miwili, nikiambia watu nina amoeba.

Na nani angenipinga? Huku kwetu kila mtu ana amoeba. Asipokuwa na amoeba ana alsa, asipokuwa na alsa ana taifodi. Unaenda kwa chemisti, unasema "tumbo", hata hujamaliza sentensi ushapewa vile vidonge vinavyoacha mdomo na ladha ya chuma. Nilimeza hivyo vidonge sijui mara ngapi. Wiki moja niko fiti, wiki ya pili tumbo limeanza tena. Kuna kliniki fulani nilienda mara nne na mara zote nne nikaandikiwa dawa ileile, hakuna aliyeuliza mbona narudi. Beshte yangu alikuwa ananichekelea, "Wewe ndio maana unaishi Tena. Kila kitu yako ni tena."

Kitu ambacho sikumwambia mtu ni damu. Nitaisema hapa kwa sababu najua kuna mtu anasoma hii akiwa choo saa hii na anaona damu na amenyamaza. Nilinyamaza miezi saba. Mathe alijua siku alipokuta nimelala sakafuni bafuni, nimekonda mpaka suruali ya shule ya kaka mdogo inanitosha. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwa maji na sabuni, akasema, "Wee kijana, ungeniambia."

Chama chake kikachanga. Mjomba akachanga. Nikapelekwa hospitali kubwa kufanyiwa kolonoskopi. Kama hujui, hiyo ni mrija mwembamba wenye kamera, unapitishwa kutoka nyuma ukapande juu kwa utumbo mpana. Najua umekunja uso. Kipimo chenyewe si kibaya, unapewa dawa unasinzia. Kibaya ni jana yake, ile dawa ya kusafisha tumbo. Lita na lita za kitu chenye ladha ya maji ya bahari yaliyowekwa ndimu. Usiku huo ramani yangu ya vyoo ilikuwa na choo kimoja tu, na sikukitoka.

Nilipoamka, nikaona kwa meza ya nesi chupa ndogo sita zimepangwa laini. Kila moja ina kipande cha nyama kidogo kuliko punje ya mchele, na kila moja ina jina lake: ileamu, koloni ya kupanda, koloni ya kupita, koloni ya kushuka, sigmoidi, rektamu. Nikiwa bado na usingizi nikauliza daktari, "Mbona sita? Si ni tumbo moja?"

Alikuwa daktari kijana, mwenye subira. Akaniuliza, "Unaishi wapi?"

"Tena."

"Tena, Umoja, Donholm, Kayole. Si ni Eastlands moja? Mbona mnajitofautisha?"

Nikacheka hata kama inauma. Mtu wa Donholm ukimwambia ametoka Kayole atakuonyesha kitambulisho. Ukivuka barabara tu, bei ya nyumba inabadilika, lugha ya vijana inabadilika, hata chapo inabadilika unene. Daktari akasema utumbo uko hivyo. Wa mtu mzima ni mrefu kuliko tunavyofikiria: ule mwembamba ni kama mita sita, ule mpana mita moja na nusu hivi. Lakini si bomba moja la mtaro kutoka juu hadi chini. Pale mwanzo, duodenamu, ndipo mwili unafyonza madini ya chuma kwa wingi. Ukifika mwisho wa utumbo mwembamba, ileamu, ndipo vitamini B12 inachukuliwa na chumvi za nyongo zinarudishwa zitumike upya. Utumbo mpana kazi yake kubwa ni kuvuta maji na kulea bakteria. Na kwa kila mtaa, wakaaji ni tofauti.

Hao wakaaji ndio seli. Kuna za kufyonza chakula. Kuna za kutoa ute, na hizo huzidi kuongezeka unavyoshuka kwenda utumbo mpana, kwa sababu huko bakteria ni wengi na ukuta unahitaji kufunikwa. Kuna zinazotoa homoni. Serotonini, ile watu wa mtandaoni husema ni ya ubongo na furaha, sehemu kubwa yake mwilini inatengenezwa kwa utumbo. Kuna seli za tafti, chache sana, zenye kazi ya kugundua minyoo na kupiga kamsa. Na zote hizo za ukutani hazikai: ukuta wa ndani wa utumbo hujibadilisha karibu wote kila siku tatu hadi tano. Yaani ukuta uliokuwa nao Jumatatu, Jumamosi si wako tena.

Sasa nikuambie kuhusu seli moja, kwa sababu hiyo ndiyo ilimaliza kesi yangu. Inaitwa seli ya Paneth. Inakaa chini kabisa ya vishimo vya ukuta wa utumbo mwembamba, inatoa kemikali za kuua vijidudu, kama soja wa geti. Kwa utumbo mwembamba ni mwenyeji. Hata mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia, unaweza kuipata na hakuna shida. Lakini upande wa kushoto, kwa koloni ya kushuka, kwa mtu mzima mwenye afya haitakiwi kuwa huko. Ikionekana huko, kwa kawaida inamaanisha ukuta umeumia na kujijenga na kuumia tena kwa muda mrefu, mpaka ukaanza kuzaa askari wasiokuwa wa mtaa huo.

Majibu yakarudi baada ya wiki mbili. Ileamu safi. Upande wa kulia safi. Koloni ya kushuka, sigmoidi na rektamu: uvimbe, vishimo vimepinda, na seli za Paneth mahali pasipo pao. Daktari akaweka kidole kwa hiyo sentensi. "Hii si amoeba ya mwezi uliopita. Hii imekuwa hapa kitambo." Jina lake ni kolaitisi ya vidonda. Kinga ya mwili wangu inapigana na utumbo wangu mwenyewe.

Fikiria hilo kidogo. Seli ileile, kwa chupa ya ileamu, haina maana yoyote. Kwa chupa ya koloni ya kushuka, ni ushahidi. Kama nesi angechanganya zile chupa, ushahidi ungepotea. Na sisi vijana wa Eastlands tunaelewa hiyo lojiki kuliko mtu yeyote. Mimi nikisimama Manyanja Road saa tatu usiku na hudi, niko nyumbani, mama wa smokie ananiita kwa jina. Mimi huyohuyo, hudi ileile, saa ileile, nikisimama kule kwenye ua mrefu na mbwa, nitaulizwa natafuta nini. Sijabadilika. Pahali ndipo pamebadilika.

Kwa hivyo ramani si mapambo. Daktari wa maabara aliweza kusema "hii haitakiwi hapa" kwa sababu kuna watu kabla yake walikaa chini wakaandika nani hukaa wapi.

Hapo ndipo fomu ikaja.

Daktari akasema kuna utafiti, na nikirudi kwa kipimo kingine wangependa vipande viwili vitatu vya ziada. Haitaongeza maumivu, haitabadilisha matibabu yangu, na ninaweza kukataa. Fomu ilikuwa kurasa nyingi, Kizungu kizito. Mathe akaichukua, akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza wote kimya. Halafu akauliza swali moja.

"Daktari, na hizi nyama za mtoto wangu zitaenda wapi?"

Daktari akaanza kueleza. Friza. Maabara. Washirika wa nje. Alipofika kwa "nje", mathe akaikunja fomu akairudisha mezani kwa heshima kabisa. "Asante daktari. Tutafikiria." Na nyinyi mnajua mama wa Kenya akisema tutafikiria, mkutano umeisha.

Niliona aibu. Nilifikiri amekataa kwa sababu haelewi sayansi. Usiku nikawasha data nikaanza kusoma ili nimwonyeshe alikosea.

Nilichokuta ni hiki. Mwaka 2016 wanasayansi Aviv Regev na Sarah Teichmann walianzisha mradi unaoitwa Human Cell Atlas, wa kuchora ramani ya aina zote za seli za mwili wa binadamu. Mwili una seli kama trilioni 37. Kila seli ina kitabu kilekile cha DNA, lakini kila moja inasoma kurasa zake tu, na siku hizi kuna mashine zinazoweza kusoma seli moja moja na kujua iko kwa ukurasa gani. Mwaka 2021 kikundi cha Taasisi ya Wellcome Sanger, Uingereza, kikatoa ramani ya utumbo yenye seli kama 428,000, kuanzia mtoto aliye bado tumboni mwa mama hadi mtu mzima, kutoka sehemu hadi 11 za utumbo. Mwaka 2023 watu wa Stanford, Marekani, wakachukua sehemu nane na wakafanya kitu kitamu zaidi: hawakuhesabu tu seli, waliangalia nani anakaa karibu na nani. Walizungumzia ujirani wa seli. Ujirani! Na 2024 ikaja ramani kubwa iliyounganisha tafiti nyingi, seli milioni 1.6. Kwenye hiyo, waliangalia magonjwa kama langu na kuona baadhi ya seli za ukuta zimebadilika, zimeanza kufanana na seli za tezi za karibu na tumbo la chakula, na zinashirikiana na seli za kinga kuchochea uvimbe. Yaani ile hadithi ya soja asiye wa mtaa huo, lakini kwa ukubwa wa seli milioni.

Nikasoma hadi saa nane usiku. Nilikuwa na furaha ya ajabu, kama mtu aliyepata picha ya nyumba yake kwenye gazeti. Halafu nikaanza kutafuta hao watu ni akina nani. Cambridge. Oxford. Boston. Stanford. Wale wa ramani ya 2023 ni wachache hivi kwamba wangeenea kwa matatu moja ya watu 14 na viti vingebaki. Hilo silaumu, kazi yenyewe ni ngumu na ya bei. Lakini nilikuwa natafuta mtu mmoja aliyekua akinywa maji ya mferejini ya Eastlands, akala mutura, akaruka mtaro uliofurika kila mvua ya Aprili. Sikumwona.

Na hiyo ina maana, si ya hisia tu. Kuna hali inayopatikana sana mahali penye maji taka na vyoo vibaya, ambapo utumbo mwembamba unavimba polepole bila mtu kujua. Vile vidole vidogo vya kufyonza chakula vinafupika. Mtoto anakula lakini hakui vizuri, na hata chanjo za kunywa zinaweza kufanya kazi kidogo kwake. Watafiti walienda Lusaka, Zambia, wakasoma seli za utumbo za watu wazima wenye hali hiyo, moja moja, wakalinganisha na za watu wa Durban na Boston. Matokeo yalitoka 2022. Tofauti ilikuwa kwa seli zenyewe. Sasa niambie, ukichora ramani ya utumbo wa "kawaida" ukitumia watu wa Boston peke yake, mtu wa Lusaka ni mgonjwa au hayuko kabisa? Na wa Tena?

Karibu zaidi na kwetu nilipata moja. Januari 2025 ulitoka utafiti wa bakteria za utumbo wa wanawake 1,801 kutoka Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini. Wa Kenya walikuwa Nairobi, kupitia kituo cha utafiti cha APHRC, ambacho kimefuatilia watu wa Korogocho na Viwandani miaka mingi. Viwandani! Hapo ni Jogoo Road tu halafu unaingia ndani. Walipata bakteria ambazo hazikuwa zimeandikwa popote, jinomu 1,005 mpya. Huo ni utafiti wa bakteria, yaani wapangaji. Seli ni nyumba yenyewe, na nyumba bado. Lakini unaonyesha ukiuliza watu wa huku, unapata vitu ambavyo haviko kwa kitabu.

Asubuhi nikamwendea mathe na simu yangu, nimejipanga kama wakili. Akanisikiliza hadi mwisho akipaka chapo mafuta. Halafu akasema, "Wewe unajua mimi nimekulia Shauri Moyo."

Najua. Hatua chache kutoka Majengo, Pumwani. Akaniambia kuhusu wanawake wa Majengo. Hiyo si hadithi ya mtaani, imeandikwa. Tangu miaka ya 1980, wanawake waliokuwa wakiuza miili yao pale wamekuwa wakitoa damu na sampuli zingine kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada. Ikaonekana baadhi yao hawaambukizwi HIV ingawa walikutana na virusi mara nyingi sana. Dunia nzima ilijifunza mambo ya kinga kutoka kwa damu yao. Walipata matibabu kliniki, ndiyo, na mathe anakubali hilo. "Lakini hao watafiti walikuwa maprofesa," akasema. "Hao akina mama wengine nawajua. Bado wako pale pale Majengo."

Sikuwa na jibu. Na hapo nikaelewa mathe hakukosa kuelewa sayansi. Swali lake, nyama zitaenda wapi, ni swali la ramani. Alitaka kujua pahali.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na mnaweza kubishana nami. Sisi vijana wa Eastlands tunafaa kutoa sampuli. Mtu akikuomba kipande cha punje ya mchele ili utumbo wa watu kama wewe ujulikane, kukataa moja kwa moja kunatuumiza sisi wenyewe. Dawa zitatengenezwa kwa ramani iliyopo. Tusipokuwemo, hakuna mtu atatusubiri.

Lakini tusitoe kama watu wanaofanyiwa hisani. Nielezwe kwa lugha ambayo mimi na mathe tunaelewa, na tuwe na muda wa kuuliza. Niambiwe sampuli inaenda wapi na nani ataimiliki. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na habari za afya zinahesabiwa kuwa data nyeti. Kazi nyingi ifanyiwe hapa, vijana wetu wa baiolojia wawe ndio wanaoshika hiyo mashine, si kazi yao iwe kufunga barafu kwa boksi linaloenda uwanja wa ndege. Na majibu yarudi mtaani. Hata kama ni mkutano wa saa moja kwa ukumbi wa kanisa na soda.

Nilimwambia mathe hayo yote. Akageuza chapo. Akasema, "Basi siku hiyo tutaenda pamoja, na mimi ndiye nitauliza maswali."

Kipimo changu kingine ni mwezi wa tatu. Dawa zinafanya kazi, nimerudisha kilo nane, na juzi nilikwama Jogoo Road dakika 50 nikasikiliza ngoma tu kama watu wengine. Nimeomba hospitali initumie fomu mapema. Mathe ana kijitabu ameandika maswali, amefika nambari ya 11. La kwanza bado ni lile lile.

Na wewe uliyenyamaza huko chooni: damu si amoeba hadi ipimwe. Ukirudi kwa chemisti mara ya tatu na shida ileile, usichukue vidonge. Ambia mtu nyumbani. Mathe wako atakaa chini kwa maji na sabuni, si mwisho wa dunia.